Nani Apime Roho ya Mdeni?

Katika vijiji vya wilaya ya Korogwe, Makuyuni na majirani zake, siku ya kikundi cha akiba na mikopo inajulikana na kila mtu. Sanduku la chuma linaletwa, washika funguo watatu wanafungua kufuli zao moja baada ya nyingine mbele ya wote, na mweka hazina anaita namba. Mwenye namba saba anasogea, anaweka fedha zake kwenye bakuli, zinahesabiwa kwa sauti, kisha kitabu chake kinagongwa mihuri: muhuri mmoja hisa moja, na mwisho mihuri mitano kwa mkutano. Asiyejua kusoma anaihesabu mihuri yake mwenyewe akifika nyumbani. Mfuko wa jamii una bakuli lake, faini zina lake. Ndipo mikopo inaombwa na marejesho yanapokelewa. Hakuna shilingi inayopita bila jicho la mtu.

Vikundi vingi vya namna hii Afrika Mashariki vimelelewa na makanisa na mashirika ya Kikristo, na wafadhili wao wanataka kujua jambo la pili lisilogongwa muhuri. Je, mama huyu amemkaribia Mungu? Anasali zaidi? Amesamehe? Swali si baya. Kanisa linaloamini kwamba mtu si tumbo tu haliwezi kuhesabu hisa likanyamaza kuhusu roho. Tatizo langu ni dodoso lenyewe linavyoletwa: mara nyingi anayeuliza ni yule yule anayeidhinisha mkopo, au rafiki yake, au mtu aliyeshuka kwenye gari lile lile. Mkopaji anajua jibu linalopendwa. Historia ya bonde hili la mto Pangani, na historia ndefu ya Ukristo na mikopo, inaonyesha kwamba mwenye fedha hajawahi kuwa mpimaji mzuri wa imani ya asiyenazo. Inaonyesha pia kwamba kipimo kizuri kilikuwapo mara kadhaa, na kila mara kilitazama namna deni linavyodaiwa na kusamehewa kuliko namna mdeni anavyosali.

Tuanze nyumbani. Katika miaka ya 1830 njaa kubwa iliikumba nchi ya Wazigua, Handeni ya leo na pande zake. Familia zilizokosa chakula ziliweka watoto rehani kwa wenye nafaka, na wengine walishuka hadi pwani kutafuta wa kuwalisha. Rehani ilikuwa na heshima yake: mtoto angekombolewa mvua ikirudi. Lakini majahazi yalikuwa yakingoja, na maelfu ya Wazigua walijikuta Somalia, bonde la Juba, watumwa wa mashamba. Wajukuu wao walishika Kizigua karne nzima na zaidi, na vita vya Somalia vilipowafukuza katika miaka ya 1990 baadhi walirudi Handeni, wakapewa makazi Chogo na hatimaye uraia wa Tanzania. Ndiyo maana katika nchi hii deni si neno jepesi. Hali haikuwa nafuu ng'ambo ya mto. Baada ya Kimweri ye Nyumbai kufariki mwaka 1862, Usambara iliingia vitani, na Semboja aliyekaa Mazinde, penye njia ya misafara ya kwenda Pangani, alitajirika kwa biashara iliyojumuisha watu. Mtu aliyekuwa peke yake, asiye na ndugu wa kumkomboa, alikuwa mali.

Wamisionari walifika katika hali hiyo. Mapadri wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, walianza Magila mwishoni mwa miaka ya 1860, John Farler akakijenga kituo kuanzia 1875, na katika miaka ya 1890 kazi ikafika Korogwe. Walutheri wa misheni ya Kijerumani iliyojulikana baadaye kama Bethel walipanda Mlalo mwaka 1891. Lutindi, milimani juu ya Korogwe, walifungua mwaka 1896 makao ya watoto waliookolewa utumwani, mahali ambapo baadaye palijengwa hospitali ya wagonjwa wa akili inayohudumu hadi leo. Watu waliokuja vituoni walikuja na sababu nyingi kwa mpigo. Walitaka ulinzi, shamba, shule, dawa, mahali pa kulala ambapo Semboja hafiki. Wengine walimtaka Mungu anayehubiriwa. Wengi, nadhani, hawakuweza kuitenga sababu moja na nyingine, na sioni kwa nini wangetakiwa kuzitenga.

Mapadri waliona ugumu huo, wakajaribu kuupima kwa ngazi. Mtu alianza kuwa msikilizaji, akaandikwa mkatekumeni, akabatizwa, akapata kipaimara, akakaribishwa mezani. Kila ngazi ilikuwa na safu yake daftarini, na hesabu zilipelekwa Uingereza kwa watu waliokuwa wakichangia. Ukitazama kwa makini utaona dodoso la leo ndani ya daftari lile: mfadhili yuko mbali, anataka namba, na padri anazitafuta. Lakini ngazi zilikuwa na muda ndani yake. Mkatekumeni aliishi kijijini kwa miaka akitazamwa na majirani, na walimu wenyeji waliomfahamu ndio walioulizwa. Wakati wa Frank Weston, askofu wa Zanzibar kuanzia 1908 hadi alipofariki 1924, nidhamu ilikuwa kali na toba ilifanywa hadharani. Ukali ule uliwaumiza watu wengi, hasa wanawake waliobebeshwa aibu ya ndoa zisizokuwa na hiari yao. Hata hivyo jambo moja lilisimama: mpimaji aliishi na mpimwa.

Ulaya ilikuwa imekwisha kulipitia swali hili kwa njia yake. Mwaka 1462 Wafransisko wa Perugia, Italia, walianzisha mfuko wa kukopesha maskini kwa rehani na malipo madogo, ili wasiangukie kwa wakopeshaji wa riba kubwa. Wanateolojia wakagombana miaka zaidi ya 50 kama malipo yale ni riba, mpaka Papa Leo wa Kumi alipoyaruhusu mwaka 1515. Hoja yao yote ilikuwa juu ya mkopeshaji. Roho iliyokuwa hatarini, kwa macho yao, ilikuwa ya mwenye fedha.

Kisha kuna habari ya Bristol ambayo kila mtu anayesimamia vikundi vya kanisa angepaswa kuijua. Februari 1742 wafuasi wa John Wesley mjini humo walikuwa na deni la jengo lao la ibada. Nahodha mmoja, Foy, akapendekeza kila mwanachama atoe peni moja kwa wiki. Ikasemwa kwamba wengi ni maskini, hawawezi. Foy akaomba apewe kumi na mmoja walio maskini kuliko wote: atawatembelea kila wiki, na asiyekuwa na peni atamlipia yeye. Wengine wakafuata mfano wake, na jamii nzima ikagawanywa katika makundi ya watu kama kumi na wawili. Wakusanyaji walipokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuchukua peni waliona mengine. Huyu amelewa, yule anampiga mkewe, mwingine ana huzuni na hana wa kumwambia. Wesley akatambua kwamba amepata chombo cha uchungaji alichokuwa akikitafuta. Mkusanyaji akawa kiongozi wa roho, na kila robo mwaka mwanachama aliyesimama vema alipewa kadi ndogo; asiyepewa alikuwa nje.

Kwa hiyo kundi la kuulizana habari za roho lilizaliwa na kundi la kukusanya deni. Hayo mawili ni ndugu wa damu, na asiyetaka kuona yakichanganyika amechelewa. Lakini tazameni alichofanya Foy kabla ya kuuliza lolote juu ya imani ya mtu. Alijifunga kulipa kwa niaba yao. Waliofunguliwa mlango kila wiki walikuwa wakifunguliwa na watu waliojua kwamba mgeni huyu hatawaumbua kwa kukosa peni. Ndiyo sababu waliona ukweli. Miaka minne baadaye, 1746, Wesley alianzisha mfuko wa mikopo London, si zaidi ya shilingi 20 kwa mtu, zirudishwe kidogo kidogo kila wiki ndani ya miezi mitatu. Ukiondoa sanduku la kufuli tatu, ndiyo hali ya kikundi cha Makuyuni.

Friedrich Raiffeisen, meya Mkristo wa vijiji maskini vya Ujerumani, alikwenda mbali zaidi. Chama chake cha mikopo cha Heddesdorf, 1864, kiliwafunga wanachama wote kwa dhamana isiyo na mpaka: mmoja akishindwa, mali za wote ziko hatarini. Alitaka kila chama kikae ndani ya parokia moja, kwa sababu ni jirani tu anayejua nani mlevi na nani mtu wa neno lake. Alipofariki mwaka 1888 vyama vilikuwa zaidi ya 400. Wajerumani walijenga reli ya Tanga kuanzia 1893, ikafika Korogwe 1902 na Mombo 1905, lakini vyama vile havikupanda garimoshi pamoja na vyuma. Kilichokuja ni katani, na manamba kutoka Unyamwezi, Ubena, Umakonde na Uha, watu wasiokuwa na parokia moja wala ukoo mmoja, wanaolipwa kwa kipande. Mchanganyiko wa Korogwe ya leo, Wasambaa, Wazigua, Wabondei na watoto wa manamba, Waislamu na Wakristo mlango kwa mlango, ulifumwa mashambani humo. Atakayepima imani hapa asisahau.

Katika miaka ya 1930 kipimo kingine kilitokea Gahini, Rwanda, kikaenea Uganda, Bukoba, Kenya. Uamsho wa Afrika Mashariki ulikuwa na njia yake ya kumjua aliyeokoka. Alisimama, akaungama, kisha akaenda kurudisha. Mtumishi alirudisha jembe la bwana wake, karani akarudisha fedha za ofisi, mtu akatembea siku nzima na mbuzi wa deni lililosahauliwa na mwenyewe. Ndugu walitazama kama hilo limefanyika. Nakubali kwamba uamsho ulikuwa na watu wa kujionyesha, na maungamo yaliyopita mpaka wa adabu. Lakini sijaona katika historia ya kanisa letu kipimo kilichokuwa wazi kama kile, kwa sababu kilimgharimu mpimwa, na hakikumletea mkopo.

Ushirika wa serikali ulikuja kwa sheria ya 1932, ukafutwa 1976, ukarudishwa 1982, na mageuzi ya kibenki ya 1991 yakafungua mlango wa taasisi ndogo za fedha. Hapo mashirika ya Kikristo yakaingia kwa nguvu. Opportunity International ilikuwa imeanza 1971. World Vision ilianzisha shirika la mikopo la SEDA nchini katika miaka ya 1990, ambayo baadaye ikawa VisionFund Tanzania. Maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth mwaka 1998 walizaa Five Talents, na mkono wake ulifika Iringa kupitia Mama Bahati, inayokopesha wanawake maskini. Jina la Five Talents limetolewa kwenye mfano wa Mathayo 25, ule ambao bwana anamtupa nje mtumishi aliyefukia talanta yake. Mfano huo unahitaji kusomwa kwa uangalifu mkubwa na yeyote mwenye daftari la madeni mkononi.

Pamoja na fedha vilikuja vipimo. Mwanasaikolojia Gordon Allport na mwenzake Ross walikuwa wametofautisha mwaka 1967 anayeitumia dini kwa faida zake na anayeiishi. James Engel alichapisha mwaka 1975 ngazi yenye namba hasi na chanya, kutoka kwa mtu asiyejua Injili hadi mwanafunzi wa Kristo anayekua, na mashirika mengi yaliipenda kwa kuwa iliingia vizuri kwenye jedwali. Tearfund ya Uingereza ilitengeneza baadaye gurudumu lenye mihimili tisa: imani inayoishi ni mmoja tu, ukiwa pamoja na afya, uhusiano wa karibu, mali, ushiriki katika maamuzi, utunzaji wa mazingira na mingineyo. Gurudumu ni hatua mbele kuliko ngazi. Linakubali kwamba imani haikui ikiwa imetengwa na nyumba, na linajadiliwa na kundi lote likiwa limekaa pamoja. Lakini hata gurudumu linazungushwa na mtu, na mtu huyo hulipwa na mtu.

Jaribio kubwa kuliko yote ninayoyajua lilifanyika mbali nasi, Ufilipino. Wachumi Gharad Bryan, James Choi na Dean Karlan walishirikiana na shirika la Kikristo la International Care Ministries, ambalo huwafundisha maskini wa kupindukia maadili ya Kikristo, afya na riziki. Kaya zaidi ya 6,000 zilihusika, na kwa kura baadhi ya jamii zilipata masomo ya dini, nyingine masomo bila dini, nyingine zikabaki kulinganishwa. Matokeo yalichapishwa 2021. Miezi sita baada ya masomo, waliofundishwa dini walikuwa wa dini zaidi, na kipato chao kilipanda kwa karibu asilimia 9. Matumizi, mali, chakula na kuridhika na maisha havikubadilika kwa kiwango cha kuaminika. Na waliofundishwa walijiona wako chini zaidi kiuchumi kuliko walivyojiona wenzao.

Hilo la mwisho limenikaa moyoni. Laweza kuwa mwamko wa mtu aliyefunguliwa macho kuona anachokosa, laweza kuwa jeraha. Namba haisemi. Lakini kilichonivutia zaidi ni uangalifu wao kwa woga wa muulizwaji. Walitumia, pamoja na maswali ya kawaida, mbinu ya orodha: unasomewa sentensi kadhaa za mambo ya kila siku, unaulizwa ni ngapi zinakuhusu, si zipi. Kundi jingine linasomewa orodha ile ile ikiwa imeongezwa sentensi moja ya imani. Tofauti ya wastani wa makundi mawili inaonyesha wangapi wanaikubali ile sentensi, na hakuna aliyelazimika kuikiri wala kuikana mbele ya mgeni. Watafiti wenye fedha na mashine zao walitambua kwamba maskini akiulizwa na mfadhili juu ya Mungu huenda akasema la kupendeza. Basi itakuwaje kwa afisa mikopo mwenye fomu na kalamu?

Makuyuni swali lina uzito wa ziada. Kikundi kilicholelewa na parokia kina wanachama Waislamu, na mara nyingi mkutano unafunguliwa kwa sala na kufungwa kwa dua. Mama Mwislamu amekaa hapo akiwa na swali lake zito la kiroho, ambalo dodoso halimuulizi: ziada inayolipwa juu ya mkopo ni riba au ni faida ya wanachama wote mwisho wa mzunguko? Akisita kukopa kwa sababu hiyo, huo ni uchaji wa Mungu unaotembea kwa miguu miwili, na fomu itamwandika mwanachama asiyeshiriki kikamilifu. Na kuhesabu wangapi wamevuka kutoka msikitini kuja kanisani kama mafanikio ya kikundi cha akiba ni kuwasaliti majirani walioweka fedha zao sanduku moja nasi. Nalisema bila kupunguza. Ushuhuda wa Injili una nafasi yake, na nafasi hiyo haiko nyuma ya kufuli tatu.

Nje ya kikundi kuna kausha damu. Kila mtu anaijua: mkopo wa haraka, simu au kadi ya benki imewekwa rehani, rejesho la kila siku au kila wiki, na wakusanyaji wanaokuja wanne wanne kukaa mlangoni mpaka majirani wote watoke kutazama. Wapo wanawake walioihama nyumba kwa ajili ya marejesho. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 ilizigawa taasisi katika madaraja manne, vikundi vya kijamii vikiwa daraja la nne, na kutaka masharti ya mkopo yawe wazi. Sheria inasaidia. Lakini kikundi cha kanisa nacho chaweza kuwa kausha damu kikiwa kimefungua kwa sala. Sufuria ya mjane ikichukuliwa na wadhamini wake walioimba naye pambio dakika chache kabla, hapo roho imepimwa, na si ya mjane.

Hapo ndipo ninapotaka kipimo kipelekwe. Aliyeshindwa kulipa kwa sababu mtoto alilazwa alifanyiwa nini? Mfuko wa jamii ulifunguliwa au ulisubiri barua? Mwenyekiti alikopa kwa foleni ile ile? Wadhamini walimtembelea na kuku au na kelele? Faini ya kuchelewa ilimpata mke wa mchungaji kama ilivyompata muuza machungwa? Mambo haya yanahesabika. Yamo daftarini, yamo vichwani mwa majirani, na mtu wa dini yoyote aweza kuyashuhudia bila kuulizwa anasali wapi. Ni mambo aliyoyaona Foy akipita nyumba kwa nyumba, na ndugu wa Gahini wakisubiri jembe lirudi.

Ulizeni baada ya kikundi kuvunjwa na fedha kugawanywa, wakati hakuna mkopo unaosubiri idhini. Aulize mtu asiyehusika na mikopo, na awe anakijua Kisambaa au Kizigua, kwa kuwa mambo ya ndani watu huyasema kwa lugha ya mama. Na kabla ya wanachama walioko, waulizwe waliotoka: aliyeuza cherehani ili alipe, aliyehamia kwa dada yake Mombo, aliyesema hana nafasi tena. Namba zao za uanachama zimo kwenye daftari la mzunguko uliopita, na nyumba zao zinajulikana.